Uwezo wa Hija na Uwezo wa Karatasi: Historia ya Kibali cha Kwenda Makka kwa Muumini Anayeishi Ugenini

Utangulizi

Hija ni nguzo ya tano ya Uislamu, na wajibu wake umefungamanishwa na sharti la uwezo. Wanazuoni wa fikihi waliufafanua uwezo huo kwa mambo yanayofahamika: mali ya kumtosha msafiri na wale anaowaacha nyumbani, afya ya kustahimili safari, na njia iliyo salama. Katika ufafanuzi huo wa kale hapakuwa na pasipoti wala viza. Leo, hata hivyo, mtu anaweza kuwa na mali, afya na njia salama, na bado asifike Makka kwa kukosa karatasi.

Tatizo hilo humkabili kila hujaji, lakini humwelemea zaidi yule anayeishi nje ya nchi yake: mfanyakazi, mkimbizi, mfanyabiashara au mwanafunzi. Makala haya yanajadili chanzo cha hali hiyo. Hoja yangu ni kwamba kibali cha hija hakikutokana na dini yenyewe, bali kilizaliwa na hofu mbili za karne ya 19, yaani hofu ya maradhi na hofu ya siasa. Baadaye kikajengwa juu ya wazo kwamba kila hujaji ni mtu wa taifa fulani, na mfumo uliosimama juu ya wazo hilo hauna budi kumsahau anayeishi ugenini.

Hofu ya maradhi

Mwaka 1865 kipindupindu kilizuka miongoni mwa mahujaji huko Makka. Inakadiriwa kuwa watu 15,000 walifariki kati ya mahujaji wapatao 90,000. Meli za waliokuwa wakirejea ziliupeleka ugonjwa Misri, na kutoka huko ukaingia Ulaya. Mwaka uliofuata, 1866, mataifa yalikutana Istanbul katika mkutano wa kimataifa wa afya, na safari ya hija ikawa ajenda kuu. Kuanzia wakati huo hujaji hakutazamwa tena kama mcha Mungu tu. Alitazamwa pia kama mtu anayeweza kubeba maradhi.

Matokeo yake yalikuwa vituo vya karantini. Kituo cha kisiwa cha Kamaran, katika Bahari ya Shamu, kilianza kupokea mahujaji mwaka 1882 chini ya Dola ya Uthmaniyya. Meli zilizotoka upande wa Bahari ya Hindi zilisimama hapo, abiria wakateremshwa, nguo zao zikatiwa dawa, na wakakaa siku kadhaa kabla ya kuruhusiwa kuendelea hadi Jiddah. Utaratibu huu haujafutika kabisa. Hadi leo viza ya hija haitolewi bila cheti cha chanjo ya homa ya uti wa mgongo, na kwa wanaotoka baadhi ya nchi za Afrika Mashariki huongezwa cheti cha homa ya manjano.

Hofu ya siasa

Hofu ya pili ilikuwa ya wakoloni. Waholanzi waliotawala visiwa vya Indonesia waliamini kwamba anayekwenda Makka atarudi na fikra za uasi. Mwaka 1825 waliweka sharti la pasipoti ya hija iliyolipiwa gilda 110, kiasi kikubwa sana kwa mkulima wa wakati huo. Ada hiyo iliondolewa mwaka 1852, lakini pasipoti yenyewe ikabaki. Mwaka 1859 ilitungwa kanuni nyingine: anayetaka kwenda ahakikishe ana fedha za kwenda na kurudi na za kuitunza familia yake, na akirudi ahojiwe na maofisa kabla ya kuruhusiwa kujiita haji.

Waislamu wa visiwa hivyo hawakukaa kimya. Wengi walivuka kwanza kwenda Singapore, iliyokuwa chini ya Waingereza, ambako masharti yalikuwa mepesi zaidi. Walifanya kazi mashambani na bandarini ili kupata nauli, au walikopa kwa mawakala wa meli na kulilipa deni hilo kwa jasho. Wengine fedha hazikutosha na hawakuvuka kamwe. Hao walipewa jina la mzaha, Haji Singapura, yaani mahujaji walioishia Singapore. Kwa maoni yangu huu ni mfano muhimu, kwani unatuonyesha muumini anayeondoka kwao na kuwa mgeni katika nchi nyingine kwa sababu tu kibali cha nchi yake hakipatikani. Kuishi ugenini kulikuwa ndiyo njia ya kufikia hija.

Watakruri: safari iliyogeuka kuwa makazi

Mfano wa pili unatoka katika bara letu. Kwa karne nyingi Waislamu wa Afrika Magharibi walikwenda Makka kwa miguu, wakipita nchi za Chad na Sudan hadi bandari za Bahari ya Shamu. Waarabu waliwaita Watakruri. Safari hiyo haikuwa ya miezi bali ya miaka. Mtu alilima msimu mmoja hapa, akafundisha Kurani pale, akaoa, akazaa, kisha akaendelea. Wapo waliofika Makka na kurudi, wapo waliofia njiani, na wapo waliobaki Sudan vizazi na vizazi. Mradi mkubwa wa pamba wa Gezira ulipofunguliwa mwaka 1925, Waingereza waliihitaji mikono yao, na vijiji vyao vikaongezeka.

Tatizo lilijitokeza pale mipaka ilipokuwa mipaka ya mataifa. Sudan ilipata uhuru mwaka 1956. Sheria yake ya uraia ya mwaka 1957 iliwatambua kama raia wa kuzaliwa wale ambao wazee wao upande wa baba walikuwa wakiishi nchini tangu mwisho wa mwaka 1897. Kwa sharti hilo, wengi waliotokana na mahujaji wa magharibi waliachwa nje. Mjukuu wa hujaji alizaliwa Sudan, akalima Sudan, na hakuijua nchi nyingine, lakini aliulizwa nchi yake ni ipi. Bila jibu la swali hilo hakuna pasipoti, na bila pasipoti hakuna viza ya kumalizia safari iliyoanzwa na babu yake.

Nani athibitishe kwamba wewe ni Mwislamu?

Utawala wa Hijazi ulipochukuliwa na Ibn Saud katika miaka ya 1924 na 1925, na Ufalme wa Saudia ulipotangazwa mwaka 1932, mamlaka ya kuruhusu au kukataza yaliingia katika mikono ya dola moja. Mwaka 1952 kodi iliyotozwa mahujaji ilifutwa, na jambo hilo liliwapunguzia maskini mzigo. Hata hivyo viza ilibaki, na kwa wanaoishi katika nchi zenye Waislamu wachache ilikuja na swali la ziada.

Mwaka 1964 Malcolm X aliomba viza ya hija huko Marekani. Alielezwa kwamba mtu aliyesilimu Marekani anahitaji idhini ya Dkt. Mahmoud Youssef Shawarbi, msomi wa Kimisri aliyekuwa New York. Alipewa barua, akapata viza, lakini alipofika uwanja wa ndege wa Jiddah pasipoti yake ilichukuliwa na akasubirishwa hadi athibitishwe kuwa Mwislamu wa kweli. Familia ya Azzam, iliyokuwa na jina na heshima huko, ndiyo iliyomsaidia. Tunajifunza hapa kwamba karatasi peke yake haikutosha. Ilihitaji mtu wa kuisemea. Mpaka leo aliyesilimu, hasa ambaye jina lake si la Kiislamu, hutakiwa kuwa na cheti kutoka msikitini au taasisi inayotambulika.

Mgawo wa mataifa

Badiliko kubwa zaidi lilikuja mwaka 1988. Mwaka uliotangulia, tarehe 31 Julai, zaidi ya watu 400 walikuwa wameuawa Makka katika makabiliano baina ya mahujaji wa Iran waliokuwa wakiandamana na vikosi vya usalama. Mawaziri wa mambo ya nje wa nchi za Kiislamu walikutana Amman na kukubaliana kuwa kila nchi ipewe nafasi 1,000 kwa kila Waislamu milioni moja. Iran haikushiriki hija kwa miaka mitatu, 1988 hadi 1990.

Kwa upande wa hesabu, kanuni hii ina mantiki. Bonde la Mina haliwezi kupanuliwa bila kikomo. Mwaka 1990 watu 1,426 walikufa kwa msongamano ndani ya njia ya chini kwa chini, na mwaka 2015 msiba wa kukanyagana ulirudia palepale Mina. Mwenyeji ana haki ya kuuliza ni wageni wangapi watakuja. Lakini kanuni inahesabu watu kwa nchi, na swali linabaki palepale: Mrundi anayefanya kazi Dar es Salaam, au Mkongo anayeishi kambini magharibi mwa Uganda, anahesabiwa wapi?

Historia yetu ya Afrika Mashariki inalifanya swali hili kuwa gumu zaidi. Mwaka 1945 iliundwa Jumuiya ya Ustawi wa Waislamu wa Afrika Mashariki, chombo kilichovuka mipaka ya makoloni. Mwaka 1968 kilipigwa marufuku Tanzania na BAKWATA ikaanzishwa. Uganda ikapata Baraza Kuu la Waislamu mwaka 1972, na Kenya ikapata SUPKEM mwaka 1973. Katika muda wa miaka mitano tu Waislamu wa eneo moja waligawanywa katika vyombo vitatu vya kitaifa. Sipingi kwamba vyombo hivi vimefanya kazi, ikiwemo ya kushughulikia mahujaji. Ninachosema ni kwamba kila kimoja kiliundwa kumhudumia Mwislamu wa nchi yake, na jirani aliyehamia hakuwamo katika hesabu.

Kinyume cha mambo mwaka 2020

Janga la Korona lilileta jambo ambalo halikutarajiwa. Mwaka 2020 Saudia haikupokea mahujaji kutoka nje. Hija ilifanywa na watu wapatao 1,000 tu waliokuwa tayari ndani ya nchi, na asilimia 70 kati yao walikuwa wageni wakazi. Kwa mara moja, kuishi nje ya nchi yako ndiko kulikokupa nafasi, huku raia walioko kwao wakibaki kutazama kwenye runinga. Mwaka 2021 idadi iliongezwa hadi 60,000, nao pia walikuwa wakazi wa ndani tu.

Tukio hilo linathibitisha kwamba inawezekana kumhesabu mtu kwa mahali anapoishi na si kwa pasipoti aliyonayo. Tangu mwaka 2022, waombaji wa Ulaya, Marekani na Australia husajiliwa kwa njia ya intaneti kulingana na nchi wanamoishi. Kwa hiyo Msomali mwenye hati halali ya ukazi Ulaya anaweza kuombea kuko huko. Lakini bila hati hiyo ya ukazi, mlango umefungwa.

Gharama ya kukosa kibali ilionekana wazi mwaka 2024. Joto lilipita nyuzi 50 za selsiasi, na Saudia ikatangaza vifo 1,301. Asilimia 83 ya waliokufa hawakuwa na kibali cha hija. Wengi, hasa kutoka Misri, walikuwa wameingia kwa viza za matembezi. Asiye na kibali hana hema lenye kiyoyozi, hana basi, na huogopa kuomba msaada asije akakamatwa. Kwa hiyo, tunapozungumzia viza ya hija hatuzungumzii mhuri tu. Tunazungumzia pia kivuli na maji.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba kibali cha hija kina historia, na kilichotungwa na watu kinaweza kurekebishwa na watu. Wahenga walisema, mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Mfumo wa mgawo unauchukulia usemi huo kama sheria: ukitaka kwenda Makka, rudi kwanza kwenu ukapange foleni. Lakini si kila mtu ana ngama ya kurejea. Mkimbizi aliikimbia, na mjukuu wa Mtakruri hajawahi kuiona.

Napendekeza mabaraza ya Waislamu ya nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki yakubaliane kusajili kila Mwislamu mkazi, awe raia au jirani, na kuiomba Saudia iitambue hesabu hiyo. Itifaki ya Soko la Pamoja imekuwepo tangu mwaka 2010, na tangu 2014 raia wa Uganda, Kenya na Rwanda huvuka mipaka yao kwa kitambulisho cha taifa. Ikiwa serikali zetu zimekubali kwamba jirani anaweza kuja kufanya kazi na kusoma kwetu, si jambo kubwa kukubali pia kwamba anaweza kuanzia hija yake hapa anapoishi. Wanazuoni walitaja mali, afya na usalama wa njia. Uwezo wa nne, wa karatasi, umeongezwa na dola, na ni juu ya dola kuhakikisha hauwi mzito kuliko ile mitatu.