Muuguzi wa Kibera na Mtaji wa Mboga

Kibera ilianza kama makao ya Wanubi, askari wa King's African Rifles, mwanzoni mwa karne ya 20. Kawangware ilikuwa mashamba ya Wakikuyu huko Dagoretti kabla jiji la Nairobi halijaimeza. Mitaa hii husimuliwa kwa yale inayoyakosa, na hivyo historia yake hupotoshwa. Miongoni mwa yasiyosimuliwa ni haya: mwaka 2000, Tabitha Atieno Festo, muuguzi mjane wa Kibera, alipewa dola 26 na Mmarekani Rye Barcott. Alizifanya mtaji wa kuuza mboga, na faida yake akafungulia zahanati nyumbani kwake.

Wapo watakaosema kuwa bila mfadhili wito wake ungekwama. Fedha zilihitajika, sikatai. Lakini dola 26 hazimfundishi mtu uuguzi, wala hazimpi moyo wa kuwahudumia jirani zake. Hoja nzito zaidi dhidi ya kusifu mwanzo mdogo kama huu ni kwamba kuwahubiria maskini unyenyekevu ni kuwataka waridhike na dhiki. Tabitha hakuridhika. Alianzia chumbani mwake kwa kipawa alichojaliwa na Mungu, bila kungoja jengo wala cheo. Alifariki mwaka 2004, na zahanati ikapewa jina lake.