Herufi Moja Tu: Historia ya Watu Usiowajua Wanaosahihisha Programu Unazotumia

Wadau, leo mastaa tunawaweka pembeni kidogo. Tuongelee watu ambao hawana wafuasi, hawapigwi picha, na majina yao hata mimi siyajui. Ila kazi yao inagusa simu yako na kompyuta yako kila siku.

Nianze na kilichonikuta. Nina steshenari ndogo hapa Tunduma. Kazi zetu unazijua: kuchapa barua, kutoa kopi, kuwajazia watu fomu kabla hawajavuka kwenda Nakonde, upande wa Zambia. Kompyuta yetu ni ya kizamani, kwa hiyo tunatumia programu huria, zile ambazo mtu yeyote anaruhusiwa kuzitumia, kuona zilivyotengenezwa na kuzibadili.

Siku moja dogo anayenisaidia alikuwa anaweka programu mpya huku akisoma mwongozo wake wa Kiswahili. Mwongozo ukasema: "Kabla ya kuendelea, futa maelekezo yaliyo kwenye folda hii." Dogo akafuta. Programu ikagoma kabisa. Ikabidi tupakue kila kitu upya, bando likakata katikati, wateja wako kwenye foleni. Wengine wakahamia kwa jirani.

Kilichotakiwa kuandikwa ni "fuata". A moja tu ndiyo iliyokosekana.

Usiku nikaingia kwenye ukurasa wa mradi huo nikiwa na hasira zangu, nataka kuwachana. Nikakuta kuna mtu kasharekebisha siku mbili nyuma, sisi tulikuwa na nakala ya zamani. Rekodi inaonyesha mstari wa zamani kwa rangi nyekundu, mpya kwa kijani, tofauti ni herufi moja. Jina lake ni la utani, picha yake ni katuni ya paka. Hakuna hata mtu mmoja aliyemwambia asante.

Nikajiuliza: hawa watu ni kina nani, na hii kazi ilianzaje?

Zamani tahajia ilikuwa kazi ya wakubwa

Kiswahili kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu karne nyingi kabla ya hizi tunazotumia leo. Herufi za Kilatini zilipoingia, kila mtu akawa anaandika anavyosikia. Mwaka 1925 kukafanyika mkutano wa elimu Dar es Salaam, mwaka 1928 ukafuata wa Mombasa, ambako Kiunguja kilichaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Mwaka 1930 ikaanza kazi kamati ya lugha ya nchi nne: Tanganyika, Kenya, Uganda na Zanzibar. Kitabu cha shule kilipotaka kuchapwa, kamati ndiyo iliyokipitia. Baada ya uhuru tukapata BAKITA mwaka 1967.

Hizo ofisi zimefanya kazi kubwa, hilo halina ubishi. Ila fikiria mwongozo wa programu moja una kurasa mamia, na zinabadilika kila wiki. Kamati gani itasoma zote?

Kiswahili kinaingia kwenye kompyuta

Miaka ya 2000 mwanzoni, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa kushirikiana na kampuni ya Sweden iitwayo IT+46 walianzisha mradi wa Kilinux. Mwaka 2004 wakatoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia na kupigia hesabu yenye menyu za Kiswahili. Hapo ndipo "Hifadhi", "Hariri" na "Futa" zikakaa juu ya kioo, na mtu ambaye Kiingereza kinamsumbua akaweza kujua anabonyeza nini.

Hata leo LibreOffice, ndugu yake aliyezaliwa mwaka 2010, ina kikagua tahajia cha Kiswahili. Ule mstari mwekundu unaokusuta ukikosea neno haukushuka kutoka mbinguni. Kuna watu walikaa wakaorodhesha maneno yetu moja baada ya jingine, na wengi wetu hatuwezi kumtaja hata mmoja.

Kosa likiachwa linageuka sheria

Sasa sikia hii. Unapobonyeza linki, mara nyingi kivinjari chako kinaiambia tovuti unayokwenda kwamba umetokea wapi. Ujumbe huo unaitwa "Referer". Kwa Kiingereza sahihi ni "referrer", R mbili katikati. Mtu mmoja alikosea katika pendekezo la miaka ya 1990, wenzake hawakuliona, na mwaka 1996 likaingia kwenye hati rasmi ya mtandao. Kufikia hapo kompyuta zilishazoea kulisoma hivyo. Ukilisahihisha, mawasiliano yanavunjika. Baadaye walipotengeneza kanuni mpya, "Referrer-Policy", wakaiandika sawasawa. Kwa hiyo leo kosa na sahihi vinaishi nyumba moja, na kila anayejifunza kutengeneza tovuti lazima akariri vyote viwili.

Hapo ndipo utaona thamani ya yule mwenye paka. Neno linalosomwa na mashine ukichelewa kulirekebisha, basi tena. Neno linalosomwa na mtu bado lina nafasi, mradi atokee wa kulishika mapema.

Na fundi wa kweli anajua pia cha kuacha. Ukikutana na "Referer" kwenye mwongozo ukaongeza R yako kwa nia njema, umemharibia msomaji atakayenakili amri hiyo.

Walipoingia wa kutafuta tisheti

Kushukuru watu hawa kunawezekana. Profesa wa Marekani, Donald Knuth, kwa miaka mingi, hadi 2008, alikuwa akimtumia hundi ya dola 2.56 mtu wa kwanza kumwonyesha kosa kwenye vitabu vyake vya kompyuta. Wengi hawakwenda hata kuzitoa benki, wakaweka hundi kwenye fremu ukutani.

Ila zawadi ina upande wa pili. Tangu 2014 kampuni ya DigitalOcean huandaa Hacktoberfest, mwezi mzima wa kuchangia programu huria. Mwaka 2020 ukituma maombi manne ya marekebisho, uliweza kupata tisheti. Ikasambaa video ya kufundisha njia ya mkato, na miradi ikafurikwa na "marekebisho" ya kipuuzi: mtu anaongeza neno la sifa kwenye kichwa cha habari, anasepa. Watunzaji wa miradi, wengi wao wanaojitolea bila malipo, wakapoteza muda wao kufunga takataka. Ndani ya siku chache waandaaji wakabadili kanuni: mradi uhesabiwe tu kama umekubali kushiriki.

Kazi ni ileile, kubadili neno moja. Mmoja alimfikiria msomaji, mwingine aliifikiria tisheti.

Kwa nini nalileta huku Songwe

Hapa mpakani Kiswahili kinasomwa na watu wa kila aina. Kuna Mnyiha wa Mbozi, Mnyamwanga mwenye ndugu pande zote mbili, dereva wa lori kutoka Lubumbashi, mfanyabiashara wa Nakonde aliyejifunza lugha sokoni. Mimi nikisoma "futa maelekezo" nastuka, najua kuna kitu hakijakaa sawa. Aliyejifunza lugha ukubwani, au dogo anayeogopa kukosea mbele ya bosi, anafanya kama ilivyoandikwa. Na huku mtaani tunaochanganya L na R tuko kibao, tunajua "kupiga kula" inavyochekesha mpaka siku inapokuwa kwenye karatasi rasmi.

Kusahihisha hakuhitaji ujue kuandika programu. Kwenye GitHub, ambako miradi mingi imekaa tangu 2008, unafungua akaunti bure, unaenda kwenye ukurasa wenye kosa, unabonyeza alama ya penseli, unarekebisha, unaandika sentensi moja ya sababu, unatuma. Mtunzaji akikubali, inaingia. Simu inatosha, ingawa vidole vitakuuma kidogo.

Mimi nimeshatuma tatu. Mbili zimekubaliwa. Moja imekataliwa, na kumbe niliyekosea nilikuwa mimi. Dogo naye kaanza, na siku hizi kabla ya kufuta chochote ananiita kwanza.

Vipi wewe, ni neno gani la Kiswahili kwenye simu yako linakukera au limewahi kukuingiza chaka? Tupia hapo chini, tuone lipi linarekebishika.