Nani Ampime Mwalimu wa Kanisa? Mgogoro wa Mukono wa 1941 na Urithi wa Uamsho wa Afrika Mashariki

Mwaka 1941 wanafunzi 26 walifukuzwa katika Chuo cha Theolojia cha Bishop Tucker kilichopo Mukono, Uganda. Hawakushtakiwa kwa wizi wala ulevi. Kosa lao lilikuwa kuamka kabla ya mapambazuko ili kusali na kuhubiri, na kukataa kuacha walipoamriwa na mkuu wa chuo, J. C. Jones. Miongoni mwao alikuwamo William Nagenda, aliyekuwa akiandaliwa kwa ajili ya ukasisi. Nagenda hakupata kuwekewa mikono maishani mwake, lakini alikuja kuwa mmoja wa wahubiri mashuhuri kuliko wote waliotoka Uganda katika karne ya 20. Tukio hilo limezoeleka kusimuliwa kama ugomvi wa nidhamu, na nidhamu kweli ilihusika. Hata hivyo, chini yake palikuwa na swali zito zaidi: ni nani mwenye haki ya kuamua kwamba mtu fulani anafaa kuwafundisha Wakristo, na kwa kipimo gani?

Kipimo kilichokuwapo kilijengwa na ukuaji wa Kanisa lenyewe. Tangu wamisionari wa kwanza wa CMS walipofika Buganda mwaka 1877, Injili ilisambazwa hasa na walimu wenyeji wa vijijini, ambao baadhi yao walipanda ngazi hadi kuwa mashemasi na makasisi. Kadiri Kanisa lilivyofungamana na utawala wa Buganda, ngazi hiyo ilianza kubeba heshima ya kijamii, na elimu ya shule ikawa ndiyo alama ya kustahili kuipanda. Mwenendo wa mtu nyumbani kwake ulibaki kuwa jambo la kudhaniwa tu.

Malalamiko dhidi ya hali hiyo yalipata sauti mbali na Kampala. Daktari Joe Church alifika Gahini, mashariki mwa Rwanda, mwaka 1928. Mwaka uliofuata alikutana Kampala na Simeoni Nsibambi, Mganda asiye na daraja lolote la kikasisi. Katika mkutano huo wawili hao walisoma Maandiko na kusali pamoja, na wanahistoria wengi huuhesabu kuwa chanzo cha Uamsho. Blasio Kigozi, ndugu yake Nsibambi, alifundisha katika shule ya wainjilisti ya Gahini. Yosiya Kinuka alikuwa msaidizi wa hospitali hapohapo. Kigozi alifariki Januari 1936, akiwa amejiandaa kuieleza Sinodi ya Kanisa la Uganda ubaridi wa Kanisa na jinsi watu waishio katika dhambi ya wazi walivyokaribishwa kwenye meza ya Bwana. Waliofuata mwito huo waliitwa Balokole kwa Kiganda, yaani waliookoka. Kiswahili kikalipokea neno hilo kwa sura ya walokole.

Wapinzani wao waliona kwa walokole msisimko tu. Kwa kweli walokole walikuwa na utaratibu wa kupima watu, na kwa namna fulani ulikuwa mkali kuliko mtihani wa chuo. Aliyedai kuokoka alitakiwa kutoa ushuhuda mbele ya ndugu, akitaja dhambi kwa jina lake badala ya kusema kwa ujumla kwamba yu mkosaji. Kilichoibwa kilirudishwa; aliyekosewa aliombwa msamaha, hata kama mkosaji alikuwa mzee na aliyekosewa alikuwa mtumishi wake. Baada ya hapo ndugu waliendelea kukutana na kuulizana, desturi waliyoiita kutembea nuruni. Wahubiri walitumwa kwa makundi, hivyo aliyesimama kusema alikuwa na wenzake kando yake waliojua alivyoishi wiki hiyo. Wamisionari waliojiunga nao hawakusamehewa zoezi hilo. Mwafrika kumsikia Mzungu akiungama kiburi chake cha rangi, katika miaka ya 1930, lilikuwa jambo la kihistoria ambalo pengine halijapewa uzito wake katika tafiti za ukoloni.

Kwa mtazamo huo, kilichogongana Mukono ni vipimo viwili. Wanafunzi waliona chuo kikifunika dhambi na kukaribisha mafundisho yaliyodhoofisha mamlaka ya Maandiko. Jones na Askofu Cyril Stuart nao walikuwa na hoja isiyopuuzika: kasisi huapa kumtii askofu wake, na mwanafunzi anayewatangaza walimu wake kuwa hawajaokoka amejiweka hakimu kabla ya kufundishwa.

Udhaifu wa kipimo cha walokole ulionekana kwingine. Ushuhuda una lugha yake, na lugha hujifunzwa. Aliyeimudu aliweza kupita, na Mkristo mnyofu asiyeijua akaachwa nje. Huko Nyanza, Kenya, Waanglikana wengi walichoka kuhukumiwa na ndugu wa Uamsho. Mwaka 1957 kundi la Johera, likiongozwa na kasisi Matthew Ajuoga, lilijitenga na kuanzisha Kanisa la Kristo katika Afrika. Jina lenyewe la Johera, watu wa upendo, lilikuwa jibu.

Mavuno ya kudumu zaidi yalitoka kwa waliokubali kupimwa kwa njia zote mbili. Erica Sabiti, mlokole wa Ankole aliyebaki katika ukasisi, aliwekwa mwaka 1966 kuwa Mwafrika wa kwanza kushika uaskofu mkuu wa Kanisa la Uganda, Rwanda na Burundi. Janani Luwum aliguswa na Uamsho mwaka 1948, akaingia Chuo cha Buwalasi mwaka 1949. Akiwa askofu mkuu aliuawa Februari 1977 chini ya utawala wa Idi Amin. Kwa Walutheri wa Bukoba, Josiah Kibira aliunganisha ushirika wa walokole na elimu ya juu ya theolojia, akawa askofu mwaka 1964 na rais wa Shirikisho la Kilutheri Duniani mwaka 1977.

Suala hili limerudi mezani mwa watunga sera. Mwaka 2018 Rwanda, nchi ya Gahini, ilipitisha sheria inayowataka viongozi wa mashirika ya kidini wawe na shahada ya elimu ya dini. Nchini Kenya mjadala wa kuwadhibiti wahubiri ulipamba moto baada ya vifo vya Shakahola mwaka 2023. Hofu ya serikali ina msingi, na shahada inaweza kumzuia mjinga. Lakini msajili hana njia ya kumhoji mke wa mhubiri, jirani yake au anayemdai. Kazi hiyo ilifanywa na mikutano ya ndugu, ambayo bado hufanyika katika parokia nyingi za ukanda huu, mara nyingi bila hati wala ofisi, na washauri wa sera hawajazoea kuialika inapojadiliwa miswada.