Waini ya Asti, muratina ya guka

Wasee, kama hujafika miaka 18, isome hii kama historia, si kama menyu.

Desemba tulikuwa na ruracio ya binamu yangu huku upande wa Runyenjes. Mimi ndiye yule aliyeacha chuo, kwa hivyo nilitaka kufika na kitu cha kunipa heshima. Nikabeba chupa ya waini nyekundu ya Italia, Barbera d'Asti. Pia nilitaka video ya wazee wakikunja uso.

Guka akaonja, akanyamaza. Akachukua ubavu wa mbuzi wenye mafuta, akatafuna, akaonja tena. "Hii ni kama muratina," akasema. "Inataka nyama."

Manze, guka alikuwa sahihi. Barbera ni zabibu ya Piemonte, kaskazini-magharibi mwa Italia. Rangi yake ni nzito, ladha yake inakaribia cheri. Tanini, ile kitu inakausha ulimi kama chai iliyochemka sana, ni kidogo, lakini asidi iko juu. Ukiinywa peke yake inauma kama ndimu. Ukila kitu cha mafuta, ile asidi inasafisha mdomo na tonge linalofuata linakuwa tamu kama la kwanza. Ndiyo maana kwao inaenda na nyama, soseji na pasta ya nyanya. Kwetu ningeiweka na mbuzi choma au mutura.

Muratina inafanya kazi ileile. Ni asali au maji ya miwa, yanayochachushwa kwa tunda kavu la mti wa muratina, ndani ya kibuyu mahali penye joto. Inatoka na uchachu juu ya utamu, na tangu zamani imekaa karibu na mbuzi.

Vinywaji hivi vilikutana huku kitambo. Mwaka 1901 padri Giuseppe Allamano, mzaliwa wa Castelnuovo d'Asti, alianzisha shirika la Wamisionari wa Consolata mjini Torino. Mwaka 1902 wa kwanza wakafika Kenya, na baadaye misheni zao zikazunguka mlima hadi Meru na Embu. Hospitali ya Kyeni bado ina jina la Consolata. Walikuja na divai, maana misa ya Kikatoliki haifanyiki bila divai ya zabibu.

Guka akiwa kijana aliosha vyombo kwenye misheni moja. Anakumbuka glasi ilikaa kando ya sahani, na sahani ikiisha, glasi pia imeisha. Hakuona ajabu. Hata kwao muratina ilikuwa ya wazee, kwa shughuli maalum, na kulikuwa na nyama.

Lakini nje ya ile misheni kulikuwa na sheria ya mkoloni. Kwa miaka mingi Mwafrika hakuruhusiwa kununua pombe ya chupa ya Wazungu, na ya kienyeji ikawekewa vibali. Mzungu akinywa mezani, huo ni mlo. Mwafrika akinywa kwake bila karatasi, huyo ni mhalifu. Mimi naona hapo ndipo tulianza kunywa kwa siri, haraka, bila sahani.

Mei 2014 nilikuwa bado primary. Pombe yenye methanoli iliua makumi ya watu katika kaunti kadhaa, na Embu iliumia vibaya. Jirani yetu alibaki hai lakini akapoteza macho. Msinielewe vibaya, chakula hakizuii methanoli. Ninachosema ni kwamba ile ilikuwa pombe ambayo hakuna mtu angeiweka mezani mbele ya mama yake. Ilitengenezwa kwa watu ambao tayari hawakuwa na meza.

Na mimi si msafi. Nilipoacha chuo nilikunywa miezi mitano chumbani, mlango umefungwa, chakula cha siku nzima kikiwa smokie moja. Sikumbuki ladha ya chochote nilichokunywa. Ile Barbera naikumbuka hadi leo, na nilipata nusu glasi tu.

Muratina sikupewa. Wazee walinipa soda, wakasema muda wangu haujafika. Sikubishana.

Kwenu muratina ilikuwa inaandamana na nini? Muulize guka wako wiki hii, kama bado uko naye.