Benki ya Ardhi au Amana ya Mahame?

Istilahi inayotafsiriwa kwa kawaida kuwa "benki ya ardhi" ni miongoni mwa zile ambazo kila neno lake linaeleweka na jumla yake haieleweki. Msomaji wa Kiswahili akutanapo nayo huelekea kufikiria taasisi inayowakopesha wakulima, na wala hakosei, kwa kuwa Afrika Kusini imekuwa na taasisi ya namna hiyo tangu mwaka 1912 na watu huiita kwa jina hilohilo. Au hufikiria maeneo yaliyotengwa kwa ajili ya wawekezaji, maana iliyozoeleka zaidi Tanzania, ambako Sheria ya Ardhi ya 1999 haimruhusu asiye raia kumilikishwa ardhi ila kwa madhumuni ya uwekezaji, na ambako husemwa mara "benki ya ardhi", mara "hazina ya ardhi", kwa kitu kimoja. Kampuni za ujenzi za Uingereza nazo zina maana yao, yaani viwanja vilivyonunuliwa mapema na kushikiliwa hadi bei ipande. Hakuna hata moja kati ya maana hizo inayohusika na miji ya Marekani kama Flint, Detroit, Cleveland na St. Louis, ambako istilahi hiyo ni jina la chombo cha umma kinachopokea nyumba na viwanja vilivyotelekezwa, kikavisafisha umiliki wake, kisha kikavirudisha mikononi mwa watu watakaovitumia.

Kabla ya chombo hicho kutafutiwa jina, kile kinachopokewa kinahitaji kuainishwa, na hapa Kiswahili si maskini. Gofu ni jengo lililobaki kuta baada ya paa kwenda. Pagale ni nyumba iliyoachwa kabla ya kumalizika, au iliyochakaa hadi haikaliki. Hame, ambalo wingi wake mahame umelipita kwa umaarufu, ni mahali palipohamwa, na ganjo ni jamaa yake wa karibu. Wataalamu wa miji wanazihitaji tofauti hizi kuliko wanavyodhani, kwa sababu nyumba isiyo na mtu si lazima iwe tatizo. Katika soko lolote la makazi lazima ziwepo nyumba tupu zinazosubiri mpangaji au mnunuzi, la sivyo hakuna atakayeweza kuhama. Tatizo huanza pale mwenye nyumba anapoacha kulipa kodi ya jengo, anapoacha kuziba paa linalovuja, na hatimaye anapoacha kujibu barua. Katika makala haya "nyumba tupu" ni ile ya aina ya kwanza, na "hame" ni ile ya pili, hata kama imesimama peke yake katikati ya mtaa unaokaliwa.

Ukubwa wa jambo lenyewe huonekana vizuri Detroit, mji uliokuwa na wakazi wapatao milioni 1.85 mwaka 1950 na uliohesabiwa kuwa na 639,111 mwaka 2020. Viwanda vya magari vilipunguza wafanyakazi au vikahamia kwingine, familia za Wazungu zikakimbilia vitongoji vya nje zikisaidiwa na barabara kuu na mikopo ya nyumba ambayo Wamarekani Weusi walinyimwa, na baadaye msukosuko wa mikopo wa 2008 ukawakumba hata waliokuwa wamebaki. Watu huondoka lakini nyumba hazifungwi mizigo. Mwaka 2014, kikosi kazi kilichoundwa kuchunguza hali hiyo kilikagua takribani viwanja 380,000, yaani karibu mji mzima, kikakuta zaidi ya 84,000 vyenye majengo au maeneo yaliyochakaa, au yaliyokuwa njiani kuchakaa.

Mtu angeweza kuuliza kwa nini mnunuzi hakujitokeza, hasa pale bei ilipofika chini ya bei ya gari kuukuu. Jibu limo katika hati, na ndilo kiini cha istilahi yote. Hame la mjini huwa na madai mengi yaliyolilalia: kodi ya miaka kadhaa, riba na faini zake, rehani ya benki iliyokwisha kufilisika, bili za maji, gharama za manispaa za kufyeka majani, na mara nyingi warithi waliotawanyika katika majimbo matano ambao hakuna hata mmoja wao aliyewahi kufungua mirathi. Wakazi wa Mombasa, Lamu na Zanzibar wanaoijua nyumba ya urithi isiyogawanywa, ile ambayo kila ndugu ana fungu ndani yake na hakuna anayetaka kununua bati, hawahitaji kuelezwa zaidi. Umiliki wa namna hii mawakili huuona kuwa umechafuka, na kampuni za bima ya hati hukataa kuukatia bima, na pasipo bima hiyo benki ya Marekani haitoi mkopo. Nyumba ya dola 1,000 yenye madai ya dola 15,000 kwa hesabu ya soko ina thamani iliyo chini ya sifuri.

Majaribio ya mwanzo hayakulitambua hilo vya kutosha. St. Louis, iliyokuwa ya kwanza, ilianzisha mamlaka yake mwaka 1971, Cleveland ikafuata mwaka 1976, na vyombo hivyo vilipokea mali zilizokosa wanunuzi kwenye minada ya madeni ya kodi. Kwa maneno mengine, vilipewa makombo. Hapa neno "benki" lilikuwa la adabu tu, maana kazi iliyofanyika ilifanana zaidi na ya jalala. Mageuzi yalikuja Michigan, ambako sheria ya 1999 ilibadili utaratibu wa kutwaa mali kwa deni la kodi. Utaratibu wa zamani uliuza deni lenyewe kwa walanguzi, na umiliki ukabaki ukining'inia kwa miaka mingi. Ule mpya uliipeleka mali kwa mtunza hazina wa kaunti, ikapitishwa mahakamani, na baada ya takribani miaka mitatu ikatoka na hukumu inayofuta madai ya nyuma. Dan Kildee, aliyekuwa mtunza hazina wa Kaunti ya Genesee, ambamo umo mji wa Flint, aliona kwamba hukumu hiyo ni nguvu ambayo haijawahi kuwa mikononi mwa serikali ya mtaa, akaunda chombo cha kuitumia. Michigan ikakipa msingi wa kisheria kwa sheria ya 2003, na Frank Alexander, profesa wa sheria wa Chuo Kikuu cha Emory, akawa mwandishi mkuu wa nadharia yake. Ohio, New York na Pennsylvania zilifuata.

Fedha za kuendeshea kazi hii zinastahili kutajwa, kwa sababu ndizo zinazokifanya chombo kiwe tofauti na idara ya kawaida ya ardhi. Huko Michigan, mali iliyouzwa na chombo hiki na kurudi kwenye daftari la kodi hukigawia nusu ya kodi yake kwa miaka mitano, na huko Ohio hutumika riba na faini zinazotozwa wanaochelewa kulipa. Hata hivyo ubomoaji umekuwa ghali kuliko mapato hayo. Detroit ilipewa na serikali kuu zaidi ya dola milioni 250 kutoka mfuko ulioanzishwa kuwasaidia wenye rehani baada ya msukosuko wa 2008, na mwaka 2020 wapiga kura wake wakaidhinisha hatifungani za dola milioni 250 nyingine kwa kubomoa na kukarabati.

Ardhi iliyosafishwa hati huenda wapi? Kuna nyumba zinazouzwa kwa mnada mnunuzi akipewa muda maalumu wa kuzikarabati, kuna zinazobomolewa, na kuna utaratibu mmoja mdogo ambao pengine ndio wenye busara kuliko yote: kumuuzia jirani kiwanja kilichopakana na nyumba yake, ambacho Detroit hukitoa kwa dola 100. Kiwanja cha ubavuni hakimpi mwekezaji chochote, ila mwenye nyumba ya jirani hukifyeka, hukizungushia uzio na kulima mboga, na mji hupata mlinzi bila kulipa mshahara. Sheria ya Kiislamu ina fikra iliyo karibu na hii katika haki ya shufaa, ambayo Wahanafi huifikisha hadi kwa jirani, ingawa Washafii, walio wengi katika pwani ya Afrika Mashariki, humwekea mbia peke yake. Kiwanja kisicho na jirani wa kukitaka nacho si lazima kijengwe. Philadelphia ilisafisha viwanja vyake, ikapanda nyasi na miti michache na kuweka uzio mfupi wa mbao, na utafiti ulioongozwa na Charles Branas, uliochapishwa mwaka 2018 baada ya viwanja 541 kugawanywa kwa bahati nasibu, ulionyesha kuwa katika mitaa ya walio chini ya mstari wa umaskini matukio ya bunduki yalipungua kwa asilimia 29.

Istilahi nyingine hufuatana na hii kama kivuli, nayo ni ile ambayo Kiingereza hutumia kwa hali ya mtaa ulioharibika. Neno hilo limetoka shambani, ambako ni jina la ugonjwa ambao wakulima wa nyanya na viazi huuita bakajani. Mfasiri atakayelichukulia neno kwa neno ataingiza katika Kiswahili sitiari yenye historia mbaya, kwa kuwa sheria ya makazi ya Marekani ya 1949 iliitumia fikra ya mtaa mgonjwa kuhalalisha ubomoaji, na mtaa wa Black Bottom wa Detroit, uliokuwa moyo wa maisha ya Wamarekani Weusi, ulifyekwa katika miaka ya 1950 na barabara kuu ikapita juu yake. Jani lenye ugonjwa hukatwa na kuchomwa, lakini jengo linaweza kukarabatiwa. Kwa hiyo "uchakavu" ni neno bora, tena limezoeleka kwa wahasibu, na haliwatii wakazi hatiani kwa matendo ya mabenki na manispaa.

Ikirejewa sasa istilahi kuu, kasoro ya "benki ya ardhi" si kwamba ni tafsiri sisisi. Kiswahili kinakubali bila shida benki ya damu na benki ya mbegu, na katika hizo benki ni ghala: kitu kizuri huwekwa leo ili kipatikane kesho. Chombo cha Flint hakiweki kitu kizuri, wala mafanikio yake hayapimwi kwa wingi wa akiba. Mamlaka ya Detroit, iliyoanzishwa mwaka 2008, ilifikia kushika zaidi ya viwanja 90,000, ikawa mmiliki mkubwa kuliko wote mjini, na jambo hilo wakosoaji wake walilihesabu kuwa aibu, ilhali benki yoyote ingejivunia. "Hazina" ina udhaifu uleule, tena kwa Mkenya na Mtanzania huashiria wizara ya fedha. Historia ya Tanzania ina jina jingine linalovutia, Msajili wa Majumba, ofisi iliyokabidhiwa majengo yaliyotaifishwa kwa sheria ya 1971 na ambayo mwaka 1990 iliunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa. Lakini Msajili alipokea nyumba zilizokuwa zikipangishwa na zenye thamani, ambazo wenyewe hawakutaka kuziacha, jambo lililo kinyume kabisa cha hame.

Neno linalokaribia zaidi ni "amana". Wenye mabenki hulitumia kila siku kwa fedha za wateja, kwa hiyo picha ya benki iliyomo katika Kiingereza haipotei. Zanzibar ina kamisheni ya serikali ya wakfu na mali ya amana, kwa hiyo matumizi yake kwa mali isiyohamishika si mapya. Na juu ya yote, amana ni kitu kilichoshikwa kwa ajili ya mwingine, ambacho aliyekishika hana ruhusa ya kukifanya chake. "Amana ya mahame" inasema kinachoshikwa na inasema kwa sharti gani. Kwa jina rasmi la taasisi, "mamlaka ya amana ya mahame" litatosha, ingawa ni refu na waandishi wa magazeti bila shaka watalifupisha.

Pingamizi lililo zito ni kwamba neno hili lina sifa nyingi mno kuliko tabia ya vyombo vyenyewe. Huko Detroit makumi ya maelfu ya nyumba zilitwaliwa kwa kodi iliyokokotolewa juu ya thamani iliyopitwa na wakati, kwani tathmini ya mji mzima haikukamilika hadi 2017, na baadhi ya nyumba hizo zilikuwa na watu ndani. Katika Kaunti ya Oakland, nyumba ya mtu aliyepungukiwa na dola 8.41 za kodi iliuzwa kwa dola 24,500 na kaunti ikabaki na fedha zote, hadi Mahakama ya Juu ya Michigan ilipoamua mwaka 2020 kwamba ziada ni ya mwenye mali. Mahakama ya Juu ya Marekani ikaamua vivyo hivyo mwaka 2023 katika kesi iliyotoka Minnesota. Pingamizi hilo, hata hivyo, linalielemea tendo la kutwaa kuliko jina la chombo kinachopokea, na istilahi inayokumbusha wajibu ina faida ambayo "benki" haina.

Mpaka wa matumizi yake unahitaji kuwekwa wazi upande mmoja. Japani, ambako uchunguzi wa makazi wa 2023 ulikadiria nyumba tupu kuwa takribani milioni 9, manispaa nyingi zina kinachoitwa huko "benki ya akiya", akiya likiwa neno la Kijapani la nyumba isiyo na mtu. Jina linafanana na la Marekani, lakini manispaa haimiliki chochote, haisafishi hati, na haibomoi. Huorodhesha tu nyumba ambazo wenyewe wako tayari kuuza au kupangisha, ili mtu wa Tokyo anayetaka kuhamia kijijini aione picha yake na bei yake. Hapo hakuna amana, na nyumba nyingi zinazoorodheshwa bado si mahame, na mfasiri atakuwa salama akiandika "daftari la nyumba tupu".