MALI YA ABDULLA: DUKA LA FAMILIA LILILOVISHA AFRIKA MASHARIKI

Ukishuka Mpui, kwenye barabara ya Tunduma kwenda Sumbawanga, asubuhi ya baridi kali ya mwezi wa sita, utakuta kina mama wamejitanda kanga mbili mbili. Kanga moja ukiitazama vizuri pembeni, unaweza kukuta maandishi madogo: K.H.E. – MALI YA ABDULLA. Watu wengi wameivaa miaka nenda rudi bila kujiuliza huyo Abdulla ni nani. Leo tumjue.

Kwanza, Ufipa haikusubiri nguo kutoka pwani. Wafipa walikuwa wakifuma nguo yao ya pamba, seketa, nzito na imara, na pamba nyingine ikitoka bonde la Ziwa Rukwa. Kufuma ilikuwa kazi ya wanaume. Shida ilikuwa muda: nguo moja ilikula siku nyingi za mtu. Ilipozidi kuingia merikani, kitambaa cha viwanda kilichopewa jina la nchi kilikotoka, Marekani, mfumaji wa kijijini alishindwa bei. Ufundi ulikuwepo, ila soko lilimkimbia.

Huku pwani wanawake nao walikuwa wamechoka na merikani isiyo na nakshi. Walinunua leso za mraba, wakaunganisha sita, tatu juu tatu chini, wakapata vazi moja. Wafanyabiashara wakaona fursa, wakaagiza kitambaa kizima kilichochapwa tayari. Kanga ikazaliwa.

Mwaka 1887 Kaderdina Hajee Essak, mfanyabiashara mwenye asili ya Bara Hindi, alianza biashara yake Mombasa. Mjini alijulikana kama Abdulla. Kanga zilikuwa nyingi na kuigana kulikuwa kwingi, hivyo akaweka alama yake: Mali ya Abdulla. Kwa lugha ya leo, hiyo ni logo! Tena inasemwa ndiye aliyeanzisha mtindo wa kuweka methali kwenye kanga, mwanzoni mwa karne ya 20. Jina la kanga liliandikwa kwanza kwa herufi za Kiarabu, baadaye kwa herufi za Kirumi.

Sasa njoo kwenye mchezo wenyewe. Familia hii haikushika cherehani wala mtambo. Ilishika vitu vitatu: mchoro, maneno na alama. Kuchapa ni kazi ya viwanda, na viwanda vya kanga vimehamahama: Ulaya, India, Japani, halafu Kenya na Tanzania baada ya uhuru, kisha India tena. Mtambo ukihama, duka linabaki Biashara Street, Mombasa, kizazi hadi kizazi, likisikiliza wanawake wanataka rangi gani na wanataka kumwambia nani nini.

Hapo ndipo wengine walipokwama. Tanzania ilijenga viwanda vikubwa: Urafiki ya Dar es Salaam, iliyojengwa kwa msaada wa China, ilifunguliwa 1968, na Nyanda za Juu Kusini kulikuwa na Mbeyatex. Soko lilipofunguliwa, nguo za nje na mitumba zikamiminika. Mwenye kiwanda hawezi kukibeba mgongoni akakipeleka penye gharama nafuu. Mwenye mchoro anaweza.

Lakini ujanja huu una bei yake. Kanga inapochapwa ng'ambo, ajira za uchapaji nazo zinakwenda ng'ambo. Na feki hazijaisha: mchoro mzuri ukitoka leo, mwigo unaufuata mbio.

Mfumaji wa seketa alikuwa na mikono hodari kuliko Abdulla, ila nguo yake ilikwenda sokoni bila jina lake. Abdulla hakufuma hata uzi mmoja, na zaidi ya miaka mia moja baadaye jina lake bado linafungwa kiunoni.

Kijana unayeshona au kuuza nguo mtandaoni, nguo yako imeandikwa mali ya nani?