Euphrase Kezilahabi (1944–2020): Riwaya ya Dunia Iliyoangamia
Euphrase Kezilahabi alizaliwa Namagondo, kisiwani Ukerewe, akasoma na baadaye kufundisha katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kabla ya kuhamia Chuo Kikuu cha Botswana. Baada ya riwaya za kihalisia, zikiwemo Rosa Mistika (1971), iliyowahi kupigwa marufuku shuleni, na Dunia Uwanja wa Fujo (1975), alitoa Nagona (1990) na Mzingile (1991), zilizochapishwa jijini Dar es Salaam, ambazo zinapakana na bunilizi ya kisayansi, yaani masimulizi yanayokisia hatima ya binadamu na maarifa yake: katika Nagona msimulizi anamwandama paa asiyekamatika, ilhali katika Mzingile dunia imeteketea na uhai unapaswa kuanza upya. Riwaya hizo mbili ndizo zilizoifungulia njia riwaya ya majaribio ya Kiswahili.